Biskuti za Deni

Unga wa dona vikombe viwili,
kiazi kitamu kimoja, kimechemshwa, kimepondwa,
maini ya shilingi hamsini
(muuza nyama amezoea, hukata kabla sijasema),
na yai, wiki ambazo yai halijapanda bei.
Chumvi, hapana. Sukari, hapana.
Kitunguu, hata harufu yake isipite:
kwa mbwa ni sumu,
daktari wa mifugo aliniambia
akinitazama kama mtu aliyechelewa kujua.

Oveni sina. Nina sufuria kubwa yenye mchanga,
makaa chini, makaa juu ya kifuniko,
na pua yangu, ambayo ndiyo saa.

"Mama Ndunge," jirani huuliza juu ya ukuta,
"Jericho nzima inalia njaa, wewe unamwokea mbwa?"
Humwambia, lete bakuli.
Hajawahi kuja. Huja bintiye, Kerubo,
humega ukingo ulioungua, hutafuna akifikiri,
kisha humpa Deni kilichobaki kiganjani.

Deni ndilo jina lake. Si mimi niliyempa.
Musembi alimshonea Opondo suti ya harusi,
ya kijivu, yenye bitana ya kuteleza na mifuko minne.
Opondo akaoa, akacheza, akahama mtaa.
Miezi saba baadaye akaja usiku, suti imemlegea,
akatia mkono mfuko wa ndani
akatoa, wala si noti,
mtoto wa mbwa, macho bado yana ukungu.
"Shika huyu kwanza. Zile nyingine nitaleta."
Musembi alicheka hadi pini zikamdondoka mdomoni.
Miaka kumi na minne.
Kila jioni mtaa ukimsikia mume wangu
akiliita deni lake langoni
nalo likija mbio, likitikisa mkia.
Ni nani mwingine Nairobi hii
aliyewahi kufurahiwa na deni?

Musembi ametangulia. Huu mwaka wa tatu.
Cherehani nimeifunika shuka.
Deni amebakiwa na meno manne, mfupa haumfai,
hivyo nikajifunza kuoka kitu laini,
mimi ambaye hata keki ya Krismasi
nilikuwa nanunua.

Jumamosi lango likagongwa.
Opondo. Mvi, fimbo, bahasha ya kaki,
na koti lile lile, viwiko vimepauka.
"Nimekuja kumwona fundi," akasema.
Nikampa kiti. Akaiona shuka, na umbo lililo chini yake,
akavua kofia.

Nilikwenda kubandika chai.
Niliporudi, sahani ilikuwa imepungua:
tatu zilikuwa tumboni, ya nne i mkononi.
"Tamu," akasema, "ila umesahau sukari."
Nikamjibu kwamba daktari amekataza.
Nayo si uongo.

Ndipo Deni akajikokota kutoka chini ya meza,
akanusa kiatu, akanusa goti,
akainua miguu ya mbele kwa shida, kama mzee apandaye ngazi,
akapenyeza pua ndani ya koti,
upande wa kushoto,
akaiacha pale.
Opondo hakusogea. Chai ikapoa na utando juu.

Dawa ya deni ni kulipa, watu husema.
Usiku nilihesabu zile noti:
elfu nne na mia tano, bei ya suti ya wakati ule,
bila senti ya nyongeza.
Niliziweka kwenye droo ya cherehani, pamoja na vifungo,
kisha nikachomoa moja.

Jumatatu nikamwambia muuza nyama, leo kata nusu kilo.
Kisu kikasimama hewani. "Mama, una wageni?"
"Hapana," nikasema. "Nina Deni."
Akatikisa kichwa, akapima,
akaongeza kipande, cha pole.